Dogo anatazama mpira kila wikiendi lakini kiwango hakipandi: mfundishe kumtazama asiye na mpira

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa makocha wa timu za mtaani, walimu wa michezo wanaoandaa vijana wa UMITASHUMTA na UMISSETA (michezo ya shule za msingi na sekondari), na wazazi wenye watoto wanaopenda gozi. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 kwenye kiwanja cha mchangani hapa Dar. Vijana wetu wanatazama mpira mwingi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, lakini hakuna aliyekaa nao akawafundisha kuutazama. Halafu jioni tunawapa mazoezi yasiyohusiana kabisa na mechi waliyoiona jana yake. Ukiviunganisha hivi viwili, kijana anabadilika huku unamwona.

Nenda banda umiza lolote Jumamosi, simama pembeni, achana na skrini, watazame madogo wenyewe. Macho yao yanafuata mpira tu. Mechi ikiisha watakusimulia goli, tobo, kanzu, na namna mfungaji alivyoshangilia. Sasa muulize beki wako wa kulia: beki wa kulia wa ile timu alikuwa wapi wakati timu yake inashambulia upande wa kushoto? Hana jibu. Na hana kosa, maana kamera inafuata mpira, mtangazaji anafuata mpira, na watu wazima waliomzunguka nao wanafuata mpira.

Tufanye hesabu ndogo. Mechi ni dakika 90, lakini ukitoa mipira ya kurusha, faulo, kona, mabadiliko na majeruhi, mpira unakuwa mchezoni kama dakika 55 hadi 60. Gawanya kwa wachezaji 22. Kila mmoja anapata dakika mbili na nusu hivi, na humo umeingiza hata muda ambao mpira uko hewani, haumilikiwi na yeyote. Muda wote uliobaki mchezaji anacheza bila mpira: anasogea, anaziba njia ya pasi, anamvuta beki, anajipanga kabla pasi haijaja. Dogo anayetazama mpira peke yake anaikosa karibu kazi yote ya mtu anayetaka kufanana naye.

Ninavyofanya na vijana wangu

Mchezaji mmoja, dakika 15, swali moja. Basi.

Namchagulia kijana mtu anayecheza namba yake. Namwambia: kuanzia dakika fulani hadi fulani, mtazame huyu tu, hata mpira ukiwa upande wa pili. Akitoka kwenye picha, kumbuka alikuwa anaelekea wapi, halafu angalia kamera itakapomrudisha ametokea wapi. Dakika 15 zikiisha yuko huru kushangilia kama wenzake, kwa sababu mtoto akinyimwa raha ya mpira ataacha kuupenda. Kesho yake mazoezini anatuambia kwa maneno yake alichokiona, na zoezi la siku hiyo linatoka humo.

Swali lazima liwe moja na liwe la kuonekana kwa macho. "Mtazame anavyocheza" siyo swali. "Timu yake ikipoteza mpira, hatua tatu za kwanza anakimbilia wapi?" hilo ni swali. "Kabla ya kupokea pasi anageuza shingo?" nalo ni swali. "Anapokea kwa mguu gani, wa karibu na aliyempa pasi au wa mbali?" Kijana wa miaka 12 anayajibu haya vizuri kabisa, wakati mwingine kuliko sisi.

Niwape mifano ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye simu.

Kwa mabeki wa pembeni natumia goli la kwanza la fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2025, PSG dhidi ya Inter kule Munich. Wengi wanakumbuka tu kwamba PSG walishinda 5-0. Goli la kwanza alifunga Achraf Hakimi, beki wa kulia, akiwa katikati ya goli, hatua chache tu kutoka mstarini. Vitinha alimpenyezea Désiré Doué kwenye boksi upande wa kushoto, Doué akaivuta katikati, Hakimi akasukumia nyavuni. Nawauliza vijana: beki wa kulia amefikaje pale? Nani alimwachia nafasi? Tunarudisha nyuma. Kisha nawaonyesha upande wa Inter: beki wao Dimarco alibaki nyuma ya mstari wa wenzake, ndiyo maana PSG hawakuwa wameotea. Goli moja, mafunzo mawili. La kwanza kwa anayeshambulia, la pili kwa safu ya ulinzi inayopaswa kupanda pamoja. Mabeki wangu walilielewa hilo la Dimarco haraka kuliko maneno yangu yote ya "pandeni mstari".

Kwa washambuliaji, Mbwana Samatta wetu. Tarehe 1 Machi 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Carabao, Aston Villa wako nyuma 2-0 dhidi ya Manchester City. John Stones, beki wa City, anateleza, mpira unamfikia El Ghazi wa Villa, krosi inaingia, Samatta anajirusha na kupiga kichwa, goli. Villa walipoteza 2-1, lakini kijana wa Mbagala aliweka mpira wavuni Wembley. Kila dogo ameiona ile video, na kila dogo anakumbuka kichwa. Mimi nawaambia wasikitazame kichwa. Mtazame Samatta tangu Stones anapoteleza: hajasubiri kuona kama krosi itakuja, ameshaanza kwenda. Anayeanza kukimbia baada ya krosi kupigwa anachelewa, haijalishi ana kasi gani. Hilo ndilo la kumfundisha straika mdogo, na anaweza kulifanya hata kama hana kimo.

Viungo nawapa Rodri wa Manchester City, aliyechukua Ballon d'Or ya 2024. Hana mbio, hapigi chenga za kukumbukwa. Mtazame shingo. Pasi haijamfikia ameshachungulia bega la kushoto, ameshachungulia la kulia, mpira unapofika anajua tayari unakwenda wapi. Au mtazame Messi dakika za mwanzo za mechi, anatembea tu, wengine wanadhani anavivia. Anasoma mabeki wamesimamaje na wapi pana uwazi.

Habari ya kuchungulia imefanyiwa utafiti wa kina. Kuna profesa wa Norway, Geir Jordet, aliyechambua picha za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza zilizochukuliwa na kamera iliyomlenga mchezaji badala ya mpira, akahesabu wanageuza kichwa mara ngapi kabla ya kupokea. Waliochungulia mara nyingi zaidi walifikisha pasi zao vizuri zaidi. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliochungulia sana. Na Lampard huyo, alipokuwa mtoto, baba yake aliyekuwa mchezaji wa West Ham alikuwa anamkumbusha kwa sauti kutoka pembeni ya uwanja atazame kabla mpira haujafika. Wazazi mnaopiga kelele "piga! piga!" pembeni, hapo mnaona kelele yenye faida ilivyo.

Kesho yake kiwanjani

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Dogo ameona kitu kizuri usiku, jioni ya kesho anazungushwa uwanja raundi kumi, kisha mechi ya watu 11 kwa 11 ambamo anagusa mpira mara chache mno. Alichokiona kinapotea.

Zoezi la kuchungulia. Watu watatu kwenye mstari mmoja, hatua kama kumi kati yao. Wa kwanza ana mpira, wa kati anapokea, wa tatu yuko nyuma ya wa kati. Pasi ikianza kusafiri, wa tatu anainua vidole. Wa kati ageuze shingo, ataje idadi kwa sauti, arudishe macho kwenye mpira, apokee. Asipotaja, anarudia. Wakizoea, unaondoa vidole: wa tatu ama anakuja kukaba ama anabaki alipo. Akija, wa kati anarudisha pasi ilikotoka. Akibaki, wa kati anageuka na kusonga mbele. Sasa zoezi limekuwa uamuzi, na uamuzi ndio unaomtofautisha mchezaji na mtu anayejua danadana tu.

Angalizo hapa. Macho yasibaki nyuma hadi mpira unafika, utampita. Kuchungulia ni kabla ya pasi kutoka na pale inapoanza safari. Mguso wenyewe unahitaji macho.

Kupokea kwa mguu wa mbali. Mchezaji anasimama upandeupande, asimpe mgongo adui wala asimtazame mpiga pasi kifua kwa kifua. Anauacha mpira upite mbele ya mwili wake, anaupokea kwa mguu ulio mbali na aliyeutoa. Tayari ameelekea mbele bila kuhitaji mguso wa pili wa kugeuka. Kwenye kiwanja chetu cha mchanga mpira unaruka hovyo, kwa hiyo naanza na pasi za taratibu za karibu. Ukuta wa darasa nao ni mwalimu mzuri: mguu wa kulia, kushoto, kulia, kushoto, dakika kumi kila siku nyumbani. Mguu mbovu unapona kwa ukuta, sijaona dawa nyingine.

Kati. Madogo wote wanaucheza huu mchezo wa kumweka mtu kati, Wahispania wanauita rondo na pale Barcelona wameujengea mfumo mzima wa kulea vijana. Wetu wanaucheza kwa kutaniana, na raha hiyo ibaki. Ila weka masharti: wanne nje na mmoja ndani, eneo la hatua nane kwa nane, miguso miwili tu, na aliyetoa pasi asogee kumpa mwenzake njia ya kumrudishia. Wakiuzoea, watano kwa wawili. Mpe wa kati heshima pia, asiwe wa kuchekwa. Mfundishe kukaba kwa kuziba pasi ya katikati badala ya kukimbizana na mpira.

Mwisho, wanne kwa wanne. Uwanja wa hatua 30 kwa 20, magoli ni mawe au kandambili, hakuna kipa. Kila mtoto anagusa mpira mara nyingi, anashambulia na kukaba ndani ya dakika hiyo hiyo, na hakuna pa kujificha. Mara moja au mbili katikati ya mchezo napiga kelele "ganda!" Wote wanasimama, wanafumba macho. Namuuliza mmoja: nyuma yako kuna nani? Mwenzako asiyekabwa yuko wapi? Mwanzoni wanabahatisha. Baada ya wiki kadhaa wanaonyesha kwa kidole wakiwa wamefumba macho, na ni sahihi. Hapo unajua kwamba kile walichokiona kwa Rodri kimeingia mwilini.

Kama jana tulitazama goli la Samatta, wanne kwa wanne ya leo inakuwa na winga mmoja kila upande asiyekabwa, na goli la krosi linahesabiwa mawili. Sihitaji kueleza sana. Wanajua tunatafuta nini kwa sababu wamekiona.

Kupasha misuli moto ni muhimu na siyo raundi za uwanja. FIFA wana programu yao inaitwa 11+, dakika kama 20, na ipo ya watoto pia. Inapunguza majeraha na haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Itafuteni.

Kuhusu pa kutazamia

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa zinaanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu. Mtoto wa shule ya msingi hana kazi banda umiza muda huo. Lingine linaloniumiza sana ni mikeka, yaani kubeti. Dogo anaingia bandani kujifunza mpira, anatoka anajua odi za mechi za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Nimeona vijana wa miaka 14 wasioweza tena kuitazama mechi bila kuiwekea hela, na hao mpira kama somo umeshawatoka. Kocha, lizungumze hili waziwazi na vijana wako, na wazazi wao walisikie.

Njia yangu ni kushusha kipande cha mechi kwenye simu, dakika 15 au 20 mfululizo, tutazame pamoja mchana kabla ya mazoezi. Siyo mkusanyiko wa magoli. Mkusanyiko wa magoli unakata yote yaliyotangulia goli, na hayo ndiyo tunayoyataka. Ubora wa chini wa picha unatosha kuona watu wamesimama wapi, na bando linadumu.

Na kuna hazina tunayoidharau: uwanjani kwenyewe. Ukimpeleka kijana Mkapa au Chamazi anauona uwanja wote, hakuna kamera ya kumkatia. Mketi juu, siyo karibu na mstari. Mzunguko nyuma ya goli ni pazuri sana kwa somo hili, unaona mistari ya mabeki inavyopanda na kushuka. Mechi ya ligi isiyo na kelele nyingi inafaa kuliko dabi, dabi mtoto atatazama jukwaa.

---

Naona michango imekuwa mingi, nijibu pamoja.

Aliyeuliza kuhusu watoto chini ya miaka 10: hao usiwape maswali ya mbinu wala usiwafunge kwenye namba moja. Leo beki, kesho winga, keshokutwa kipa. Wape mipira, wapigane chenga, wacheze watatu kwa watatu. Wakitazama mechi watazame kwa raha, labda uwaulize tu "nani kakufurahisha, alifanya nini?" Na tumieni mpira wa saizi yao, namba 4 kwa wa miaka 8 hadi 12. Namba 5 ni wa kuanzia 13. Mtoto mdogo anayepiga namba 5 kila siku anajifunza kuupiga kwa ncha ya kidole, na tabia hiyo kuitoa baadaye ni kazi.

Mzazi aliyesema mwanawe ana miaka 13 na anaachwa benchi kwa sababu ni mdogo kwa umbo: usimtoe kwenye mpira. Umri huo wengine wamesharefuka na wengine bado, na makocha wengi wanachagua wanaoshinda Jumapili hii. Luka Modrić alikataliwa Hajduk Split akiwa mtoto kwa sababu ya umbo, akaenda Dinamo Zagreb, na 2018 akawa mchezaji bora wa dunia. Mtoto mdogo wa umbo analazimika kuamua haraka kabla hajafikiwa, kwa hiyo zoezi la kuchungulia ni lake kuliko la mtu mwingine. Mpe Modrić amtazame. Amtazame hasa anavyopokea mpira akibanwa na mtu mkubwa kuliko yeye, mkono na kiuno anaviweka wapi.

Dada aliyeuliza kuhusu timu ya wasichana, asante sana kwa kulileta. Kila nilichoandika kinawahusu vilevile, ila banda umiza usiku kwao ni hatari na wazazi wana haki kukataa, ndiyo maana simu na mchana. Wape wa kwao wa kuwatazama. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 kule India 2022, waliwafunga Ufaransa 2-1 na kutoka sare 1-1 na Canada, na hiyo ilikuwa baada ya kufungwa 4-0 na Japani mechi ya kwanza. Kaeni na mechi ile ya Ufaransa. Viungo wako wamtazame Aitana Bonmatí wa Barcelona, shingo yake haitulii. Na wajue kwamba Aisha Masaka alitoka hapa hapa akafika BK Häcken ya Sweden na kisha Brighton.

Kocha mwenye mpira mmoja na vijana 25: chandimu, mkuu. Wafunge mipira ya makaratasi na nailoni wenyewe. Kwa kuchungulia, kwa mguu wa mbali, kwa kati, mpira wa chandimu unafaa kabisa, haudundi sana na unamlazimisha mtoto kuugusa kwa upole. Mpira halisi ubaki kwa wanne kwa wanne, kwa zamu. Wanaosubiri wasikae chini kupiga soga, kila mmoja apewe mchezaji mmoja wa kumtazama na swali lake, kama anavyofanya mbele ya skrini. Wakiingia wao, wale waliotoka wanawatazama.

Makipa. Kipa naye anatazamwa mpira ukiwa mbali. Chukueni mechi ya Ujerumani na Algeria, Kombe la Dunia 2014, mumtazame Manuel Neuer. Algeria walikuwa wanapiga mipira mirefu nyuma ya mabeki, na Neuer alikuwa anaifikia nje ya boksi lake tena na tena. Swali la kipa wako: mpira ukiwa upande wa adui, Neuer amesimama hatua ngapi kutoka golini? Na mpira unapovuka kati ya uwanja, anaanza kurudi lini? Hapa nyumbani yupo Djigui Diarra, kipa wa Mali aliyejiunga na Yanga 2021. Mtazameni pale mabeki wake wanapobanwa, anavyojisogeza pembeni ili wapate pa kurudisha mpira. Kesho yake mweke kipa wako kwenye kati na wenzake, acheze kwa miguu kama mchezaji wa ndani, na kwenye wanne kwa wanne ongeza kipa kila upande asiyeruhusiwa kubaki kwenye mstari wa goli timu yake ikiwa na mpira.